Marafiki tisa kwenda Machu Picchu kwa miguu: anayetapika siyo mgonjwa wenu, wa magoti ndo mgonjwa

Dada mmoja wa Arusha kaniandikia, nimefupisha kidogo:

"Kaka habari. Sisi ni marafiki tisa, tulipanda Kilimanjaro 2022 kwa njia ya Machame, saba tukafika Uhuru, wawili wakaishia Barafu. Mmoja alikuwa anatapika na kichwa kinamuuma, mwingine magoti yalimgomea tangu ile kushuka ya Lava Tower kwenda Barranco. Baadaye ukazuka ugomvi, mpaka leo kuna watu hawasalimiani vizuri. Sasa kikoba chetu kimejaa tunataka kwenda Peru mwakani mwezi wa sita, tutembee mpaka Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka. Wengine wanataka Inca Trail ya siku nne, wengine wameona video za Choquequirao wanasema huko ndo kuna utulivu. Tuchague ipi? Na mtu aliyefika 5,895 hiyo 4,200 si mteremko tu? Na tufanyeje tusigombane tena? Halafu mama ana presha, kaniagiza majani ya koka, kasikia ni dawa."

Dada yangu, marahaba na hongereni kwa kikoba, watu tisa kuweka hela mpaka ikatimia bila mtu kukimbia na daftari siyo jambo dogo. Mi mlima ndo kazi yangu, nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka minne, baada ya hapo nikaongoza wageni kwa miaka mingi, na Peru nimeenda mara mbili, zote na marafiki, ya kwanza tulirudi tumenuniana na ya pili tulirudi tunacheka, kwa hiyo swali lako la ugomvi nalijua kwa pande zote mbili.

Tuanze na hilo la "4,200 ni mteremko tu" manake ndo linaloua watu wetu. Kweli sehemu ya juu kabisa ya Inca Trail ni pasi, yaani sehemu ya kuvukia mlima, inaitwa Warmiwañusqa, kwa Kikechua maana yake mwanamke aliyekufa, iko kama mita 4,215, yaani hata Barafu hamjafika. Lakini kumbuka Kilimanjaro mnaanza vipi, getini Machame mko kama 1,800, usiku wa kwanza mnalala karibu 3,000, mwili unapewa taarifa kidogo kidogo. Peru mnatua Lima, pale ni pwani kama Tanga, usawa wa bahari, mnapanda ndege nyingine saa moja na kitu hivi, mnashuka Cusco mita 3,400. Mlango wa ndege unafunguliwa na wewe tayari uko juu kuliko kempu ya Machame, hujatembea hata hatua moja. Nimeona kijana wa gym, kifua hiki hapa, anaburuta begi la magurudumu pale uwanjani akasimama akashika ukuta, akadhani ni uchovu wa safari. Na ule mwili wa Kilimanjaro wa 2022 sahau, mwili ukishazoea mwinuko unasahau ndani ya wiki chache tu ukirudi chini, kwa hiyo mnaenda kama watu wapya kabisa.

Dawa yake ni siku. Mkitua Cusco msilale Cusco, pandeni gari siku hiyohiyo mshuke Bonde Takatifu, Urubamba au Ollantaytambo, huko ni karibu 2,800 tu, mlale usiku mbili, mpande kwenye magofu ya pale Ollantaytambo taratibu, afu ndo mrudi Cusco usiku mmoja au mbili kabla ya kuanza. Ni ileile ya kwetu, panda juu lala chini, ila huku mnaipanga wenyewe hamna mlima wa kuwapangia. Kuhusu Diamox, ile dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muoneni daktari kabla, hasa mwenye aleji ya dawa za salfa, na mtu asiigawe kama pipi kambini. Mtu akianza kuhema hata akiwa amekaa, akikohoa kikohozi cha majimaji, au akitembea anayumba kama mlevi na maneno hayaeleweki, hapo hamna kikao hamna kura, anashuka, hata kama ni saa nane usiku.

Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu lenyewe. Nikisoma barua yako nahisi kundi zima lina wasiwasi na yule aliyetapika Barafu, mmeshaanza kujadili kama aje au asije. Huyo mwacheni aje. Kempu ya juu zaidi ambayo watu wengi wanalala Inca Trail ni Pacaymayo, kama 3,600, na pasi ya 4,215 mnaivuka mchana mnashuka zenu, hamna usiku wa kuamka saa sita kwenda samiti, kileleni. Mtu aliyeumwa kule Barafu, 4,670, baada ya siku nne za haraka, akipewa siku nne tano za kuzoea vizuri anaweza kupita hapa bila shida yoyote. Mgonjwa wenu ni wa magoti.

Nikueleze kwa nini. Wainka, wale waliotawala Peru kabla ya Wahispania, hawakuwa na gari la magurudumu na hawakuwa na farasi, farasi waliletwa na Wahispania. Barabara zao, na walikuwa na mtandao mkubwa ajabu unaitwa Qhapaq Ñan, zaidi ya kilomita 30,000 kuanzia huko Kolombia mpaka Chile na Ajentina, zilijengwa kwa ajili ya mguu wa mtu na wa lama, mnyama wao wa mizigo. Mhandisi asiyewaza tairi haogopi ngazi. Akikuta mlima umesimama hazunguki nao kama sisi tunavyozungusha barabara za Lushoto, yeye anachonga ngazi anapanda moja kwa moja na upande wa pili anachonga ngazi anashuka moja kwa moja. Kwa hiyo ile njia unayoiona kwenye picha imependeza, mawe yamepangwa, ukungu, maua ya okidi, kwa magoti ni ngazi za mawe siku nzima, nyingine fupi nyingine zinakufika karibu na goti, na mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni.

Siku ya kwanza mnaanza pale wanapopaita kilomita 82, yaani kilomita 82 ya reli kutoka Cusco, ni siku laini, mnapita juu ya magofu ya Patallacta yenye matuta yaliyojipinda na mto, mnafika Wayllabamba au mbele kidogo. Siku ya pili mnapanda mita 1,200 kutoka 3,000 mpaka Warmiwañusqa, kila mtu anaongelea hiyo, mnafika juu mnapiga picha mnakumbatiana, halafu mnaangalia upande wa pili. Mita 600 za kushuka, ngazi tupu. Siku ya tatu mnapanda tena kwenye Runkurakay, pale kuna jengo la mviringo, mnashuka Sayacmarca, mnapita kwenye handaki lililochongwa ndani ya mwamba, mnafika Phuyupatamarca, ambako jina lenyewe ni mji juu ya mawingu na siku nyingi ndivyo ilivyo, na kutoka hapo ni kama mita 1,000 za kushuka mpaka Wiñay Wayna, kempu ya mwisho, ngazi juu ya ngazi juu ya ngazi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na rafiki yangu, mtu mzima, mcheza mpira wa zamani, siku hiyo alishuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka kwenye ngazi ya darini, mikono kwenye jiwe la juu, na hakusema neno lolote kuanzia saa saba mchana mpaka giza. Siyo kwamba aligoma, alikuwa anahesabu tu.

Na tatizo la hiyo njia ni kwamba ukishavuka Warmiwañusqa hakuna tena kurudi kwa raha. Asubuhi ya siku ya pili bado unaweza kugeuka, farasi wanaweza kupatikana kwenye vijiji vya chini huko. Ukishafika Pacaymayo, kurudi ni kupanda pasi ileile, kwenda mbele ni pasi nyingine, na wanyama wa mizigo hawaruhusiwi, kwa hiyo mtu akishindwa anabebwa na watu. Mgongoni. Kwa hiyo uamuzi wa nani aingie mnaufanyia Arusha, msiusubirie njiani.

Kwa rafiki yenu wa magoti kuna njia nzuri na wala siyo ya kumfariji tu. Kuna Inca Trail fupi, inaanzia kilomita 104, unashuka kwenye treni kabla haijafika mwisho wa safari, unavuka mto, unapita Chachabamba, unapanda kama mita 500 na kitu mpaka Wiñay Wayna na unaingia Machu Picchu kwa Inti Punku, mlango wa jua, mlango uleule watakaoingia wenzie. Ni kutembea siku moja, karibu yote ni kupanda, kushuka ni kidogo mwishoni. Nayo ina kibali chake na lazima muongozaji. Mpangeni aianze siku ambayo nyie mko siku yenu ya tatu, jioni ashuke na basi kulala Aguas Calientes, mji wa chini ya Machu Picchu, kitanda na maji ya moto, asubuhi arudi juu na tiketi yake mkutane Machu Picchu. Asiende peke yake, mpeni mwenzie mmoja ambaye ameamua kwa hiari siyo kwa kupigiwa kura. Naahidi watakaoonekana wametulia kwenye picha ya pamoja ni hao wawili, nyie saba mtakuwa na siku nne hamjaoga.

Choquequirao sasa. Moyo wangu uko huko, nikiri kabisa. Ni mji mwingine wa Wainka, jina wanalitafsiri kitanda cha dhahabu cha mtoto, uko juu ya bonde la mto Apurímac kwenye mita kama 3,050, sehemu kubwa bado iko chini ya msitu haijafunuliwa, na kuna matuta ambayo ndani ya kuta zake wamepanga mawe meupe yakawa picha za lama wanaopanda mlima, lama mmoja mmoja na wengine na watoto wao. Nilikaa pale mbele yao na kopo la chai, hamna mtu mwingine zaidi ya sisi na jamaa mmoja anakata nyasi. Machu Picchu huwezi kupata hicho kitu, huko kuna maelfu ya watu kwa siku na njia mmepangiwa, ukishapita hurudi nyuma.

Lakini njia yake bana. Mnaanzia Capuliyoc karibu na Cachora, juu, karibu 2,900, mnashuka mita 1,400 na kitu mpaka mtoni, kule chini ni joto kama Mombasa na kuna vijidudu vidogo havionekani vinauma mpaka miguu inavimba, mnavuka daraja, halafu mnapanda zilezile mita 1,400 upande wa pili mpaka Marampata. Mkimaliza kuona magofu mnageuka mnairudia yote. Hakuna treni, hakuna basi, hakuna kilomita 104. Uzuri wake nyumbu wanaruhusiwa, wanabeba mizigo na akiumwa mtu wanambeba na yeye, na hakuna foleni ya vibali. Kwa marafiki wanne wenye magoti mazima ningesema nendeni mkafurahi. Kwa tisa ambao mmoja magoti yalishagoma Barranco, hapana. Mtu atashuka hizo mita 1,400 kwa aibu ya kutosema, na chini kule atagundua njia pekee ya kutoka ni kupanda.

Kwa hiyo Inca Trail ya siku nne kwa wengi, fupi kwa wachache. Na Salkantay, kama kuna mtu kwenye grupu ataileta manake lazima atatokea, ni nzuri lakini pasi yake iko juu ya 4,600, hapo ndo yule aliyetapika ataumwa kweli na magofu njiani ni machache.

Mwezi wa sita mmechagua vizuri, ni kiangazi, mchana jua usiku baridi kali ya karibu na sifuri kule Pacaymayo. Kasoro yake ni kwamba dunia nzima imechagua mwezi huohuo. Vibali vya Inca Trail ni watu 500 kwa siku, na hao 500 ni pamoja na wapagazi, wapishi na waongozaji, wageni mnabaki kama 200 tu. Kwa mwezi wa sita nafasi zinaisha miezi mingi kabla, sasa tafuteni nafasi tisa za tarehe moja uone kazi yake. Mwezi wa pili njia inafungwa kabisa kila mwaka kwa matengenezo, asije mtu akasema tusogeze Februari kwa vile nauli iko chini. Bila kampuni yenye leseni na muongozaji huingii, hamna cha kujiendea wenyewe. Na kundi likizidi watu wanane lazima waongozaji wawe wawili, kwa hiyo mkibaki saba njia ndefu ulizeni mapema kama mnaweza kuongezewa wa pili, mlipie, nitasema kwa nini.

Kibali kinaandikwa jina na namba ya pasipoti, hakihamishwi kwa mtu mwingine na hela hairudi. Hapa nina kidonda. Ile safari yangu ya kwanza mwenzetu mmoja alikata kibali, katikati pasipoti yake ikaisha akachukua mpya, akaiuliza kampuni moja pale Cusco wakamjibu haina shida njoo tu. Tumefika kilomita 82 asubuhi, mlinzi anashika pasipoti anaangalia karatasi, anaangalia pasipoti, anaangalia karatasi, anatikisa kichwa. Ya zamani aliiacha kabatini nyumbani. Tukaagana pale darajani, yeye akarudi Ollantaytambo akalala hoteli siku tatu akaja na treni. Kila mtu aliyemhurumia siku hiyo alimtania siku ya nne, na ndo mnuno ulipoanzia. Kwa hiyo nyote tisa angalieni pasipoti zenu LEO, anayeisha muda mwakani akabadilishe kabla ya kukata kibali, na mwenye mpya abebe zote mbili. Viza ya Peru anzeni mapema pia, na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye begi la mkononi, siye tunaotoka huku tunaulizwa mara nyingi njiani kuliko wengine.

Kuhusu kampuni, we ni mtoto wa Arusha sina haja ya kukufundisha, maswali ni yaleyale ya wagumu wetu, wapagazi wa Kilimanjaro. Wapagazi wanalipwa shilingi ngapi, wanalala wapi, wanakula nini, nani kawapa slipingi begi. Peru wana sheria ya wapagazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanaume mwisho kilo 20, sawa na yetu ya Kilimanjaro. Pale kilomita 82 kuna mzani, nilisimama pembeni nikaangalia kama niko getini kwetu. Mzee mmoja hivi, mfupi, shavu limevimba majani ya koka, kaweka furushi lake mzani ukasoma juu, akafungua, akatoa mtungi mdogo wa gesi akampa kijana nyuma yake, akapima tena, akapita. Nikaangalia miguuni kavaa katambuga. Katambuga kabisa bana, za tairi, kama za Wamasai wa Monduli, wao wanaziita ojota. Nikamwonyesha zangu kwenye picha ya simu akacheka mpaka koka ikataka kudondoka. Wale watu wanashuka ngazi nilizokueleza wanakimbia, na mzigo, ukisikia sauti nyuma yako simama upande wa mlimani, usisimame upande wa korongo, wapishe. Wakati wa kuweka mizigo kwenye begi la mpagazi kampuni nyingi zinakupa kilo 7 tu pamoja na slipingi begi, msijaze ving'ora vya spika za muziki humo.

Tipu mnatoa usiku wa tatu Wiñay Wayna siyo siku ya nne, manake alfajiri wao wanashuka haraka kuwahi treni na hamtawaona tena. Badilisheni hela ndogondogo za soli Cusco kabla, nimeona wageni wanagawa noti moja ya dola kwa watu wanne, aibu.

Haya, ugomvi. Uliandika kwa ufupi lakini nadhani naujua mwenyewe. Yule aliyetapika Barafu alishuka na msaidizi wa muongozaji, peke yake, hakuna rafiki hata mmoja aliyegeuka naye, na kabla hajafika hotelini picha za Uhuru zilishajaa kwenye status. Nimekosea? Hilo nimeliona kwa wageni wa nchi zote. Mtu anasamehe kuachwa, hasamehi kuachwa halafu akajiona hayupo kwenye picha.

Mkae kikao kimoja kabla ya kulipa kibali, na mseme vitu kwa sauti. Kila mtu ana mwenza wake, majina yaandikwe, mwenza akigeuka wewe unageuka, bila kuuliza, ndiyo umelipa hela nyingi lakini ndo masharti, asiyeyataka aseme sasa. Kugeuza mtu ni kazi ya muongozaji siyo ya rafiki, rafiki akikwambia "wewe rudi" utamkumbuka miaka kumi, muongozaji akikwambia utamkasirikia wiki moja. Ndo maana nikasema mlipie wa pili, mmoja mbele na mmoja nyuma kabisa na wa mwisho. Anayetembea polepole kuliko wote akae mbele, wa nyuma wote mwendo wake, angalau mpaka Warmiwañusqa. Kuna mtu kwenu atalalamika kwamba anapoa misuli, kila kundi lina mmoja, mpeni kazi ya kubeba boksi la dawa. Kikoba nacho kiamue leo mtu akijitoa mwezi wa nne hela ya kibali inakuwaje, kwa sababu haitarudi, na msije mkaanza kutafuta mchawi. Na status hakuna mpaka wote mkutane.

Kuhusu asubuhi ya mwisho msiwe na matarajio ya kwenye video. Mnaamshwa saa tisa usiku, mnakwenda kukaa kwenye benchi pale getini Wiñay Wayna na tochi kichwani mpaka saa kumi na moja na nusu wafungue, halafu kuna watu wanakimbia, msikimbie, njia ina korongo upande mmoja. Karibu na mwisho kuna ngazi kama hamsini zimesimama wima unapanda kwa mikono, na juu kidogo ndo Inti Punku. Mara ya kwanza nilichoona pale ni shuka jeupe, ukungu mtupu, jamaa mmoja kakaa kwenye jiwe karibu kulia. Tulikaa dakika arobaini tukila karanga, ukungu ukaanza kufunguka kwa chini, kwanza ile barabara ya mabasi yenye kona, baadaye matuta, mwisho mji wenyewe. Waliokimbia walishashuka, hawakuona.

Ndani ya mji mtaambiwa mengi, kwamba ni mfalme Pachacuti aliujenga katikati ya karne ya 15, kwamba Mmarekani Hiram Bingham aliufikia 1911. Muulizeni muongozaji kuhusu wenyeji waliokuwa wanalima pale Bingham alipofika, na yule Agustín Lizárraga aliyeandika jina lake ukutani 1902, ndo mtapata stori nzuri. Mi huwa naangalia mifereji. Mvua ya pale ni nyingi na mji umekaa juu ya mgongo wa mlima mwembamba, ulitakiwa uwe umeporomoka zamani, ila chini ya matuta walijaza mawe, kokoto na mchanga kwa tabaka, maji yanazama yanatoka pembeni. Mkipita kwenye chemchemi zile kumi na sita zinazopokezana maji simameni msikilize.

Chakula njiani kizuri kuliko mnavyodhani, supu ya kinoa asubuhi inashika kama uji. Cusco watawaletea simbilisi mzima kabanikwa na meno yake, kama kuna mtu wa Iringa kwenye kundi hatashangaa.

Na la mama. Majani ya koka kule ni halali na chai yake mtakunywa kila hoteli, inachangamsha kidogo kama kahawa, mi naipenda. Lakini siyo dawa ya presha, ni kichangamshi, mtu wa presha ndo wa mwisho kumpelekea. Na kwa sheria zetu koka ni dawa za kulevya, hata pakiti ndogo za chai, hata zile pipi za kijani za uwanja wa ndege, usiingize kitu hicho KIA wala uwanja wowote mtakaopita njiani, na kama kuna mtu kwenu kazini wanapima mkojo hata kunywa kule asinywe manake inasoma kokeini. Mletee mama skafu ya alpaka, ni laini na kwa baridi ya Arusha ya mwezi wa saba ataivaa kanisani. Kuna na chumvi ya Maras ya rangi ya waridi, wanaivuna kwenye vidimbwi pale Bonde Takatifu na inauzwa kila duka, ila kwa presha yake hiyo jinunulie wewe.